Jicho Lisilo na Mwenyewe: Kamera Katika Dakika za Kwanza za Filamu ya Kutisha

Filamu ya kutisha huwa na dakika chache tu za kumwandaa mtazamaji, na katika dakika hizo mara nyingi hakuna zimwi lililokwisha kuonekana, hakuna damu iliyomwagika, wala hakuna mhusika aliyezoeleka kiasi cha mtu kumwonea huruma. Hata hivyo hofu huwa imekwisha kuingia ukumbini. Maelezo ya kawaida ni kwamba muziki na giza ndivyo vinavyoifanya kazi hiyo, na maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanakiacha kando chombo ambacho mtazamaji hukisahau kwa sababu hakionekani kamwe kwenye skrini, nacho ni kamera yenyewe: mahali ilipowekwa, kimo chake kutoka ardhini, upande inaotazama, na namna inavyosogea au inavyokataa kusogea. Kabla hadithi haijatamka lolote, kamera huwa imekwisha kumpangia mtazamaji mahali pa kusimama, na katika filamu bora za aina hii mahali hapo ni pale ambapo asingependa kuwapo.

Istilahi chache zinahitaji kuelezwa mapema. Shoti ni kipande cha picha kinachoendelea bila kukatizwa, tangu mkato mmoja wa mhariri hadi mkato unaofuata. Pembe ya kamera ni uhusiano wa lenzi na kile inachokitazama: kamera ikiwa juu na kutazama chini, hiyo huitwa pembe ya juu, nayo kwa kawaida humfanya mtu aonekane mdogo na mnyonge, ikiwa chini na kutazama juu, hiyo ni pembe ya chini, ambayo humkuza mtu na kumpa mamlaka, na ikiwa usawa wa macho, humweka mtazamaji na mhusika katika hadhi moja. Mwendo wa kamera nao una namna kuu mbili, kwani kamera inaweza kugeuza shingo tu ikiwa imesimama juu ya stendi yake, au inaweza kuhama na mwili wake wote, ikibebwa na kitoroli cha reli, kreni, gari, helikopta au bega la binadamu. Tofauti hiyo si ya kifundi tu, maana anayegeuza shingo anatazama, ilhali anayehama anakwenda mahali, na anayekwenda mahali ana jambo analolitaka huko.

Katika filamu za kawaida mtazamaji hasumbuliwi na swali la nani anakwenda, kwa sababu kamera hufungwa kwa mhusika: akitembea inamfuata, akisimama inasimama, akikaa inashuka naye, hata mtu hudhani kwamba hakuna kamera kabisa. Filamu ya kutisha hukikata kifungo hicho. Kamera husogea wakati hakuna mtu wa kumfuata, au hubaki pale pale baada ya mhusika kuondoka kwenye fremu, na hapo mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu ufundi wa sinema, hujiuliza bila kutambua kwamba anajiuliza: huyu anayetazama ni nani? Majibu yanayowezekana ni matatu, kwamba jicho hilo ni la mtu anayejulikana, au ni la mtu anayefichwa, au si la mtu yeyote, na kila jibu huzaa hofu ya namna yake.

Jibu la kwanza ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1931 Rouben Mamoulian aliongoza filamu ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde, iliyopigwa picha na Karl Struss, na akaifungua kwa dakika kadhaa ambamo kamera ni macho ya Daktari Jekyll mwenyewe. Mtazamaji huona mikono ikipiga kinanda kikubwa cha kanisani, mtumishi akiizungumzisha lenzi kwa heshima kana kwamba ni bwana wake, kisha kioo ambamo uso wa mwigizaji Fredric March unajitokeza kwa mara ya kwanza, halafu safari ya gari la farasi hadi ukumbi wa mihadhara. Hakuna kinachotisha katika hayo yote, wala Mamoulian hakukusudia kutisha mapema hivyo. Alichokifanya ni kumvisha mtazamaji mwili wa mtu mwema ambaye baadaye atageuka mnyama, ili mgeuko utakapotokea mtazamaji asiweze kusema kwamba ulimpata mtu mwingine. Mbinu hiyo, ambapo kamera huchukua nafasi ya macho ya mhusika na kuona kile tu anachokiona yeye, hapa itaitwa jicho la mhusika.

Miaka 47 baadaye jicho la mhusika lilipewa kazi nyingine kabisa, nayo ndiyo inayotupa jibu la pili, la jicho la mtu anayefichwa. Halloween ya John Carpenter, iliyotoka mwaka 1978, ilitengenezwa kwa bajeti ya takriban dola 300,000, kiasi kidogo sana hata kwa viwango vya wakati ule, na dakika zake nne za ufunguzi baada ya orodha ya majina zimechambuliwa darasani kuliko karibu ufunguzi wowote mwingine wa filamu ya aina yake. Maandishi kwenye skrini yanasema kwamba ni usiku wa Halloween wa mwaka 1963 katika mji wa kubuni wa Haddonfield, jimbo la Illinois. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watoto wa Marekani huvaa mavazi ya mizimwi na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Kamera iko ng'ambo ya nyumba ya mbao ya ghorofa moja, iliyopakwa rangi nyeupe, nayo inaanza kuisogelea.

Inafika mbele ya nyumba na kuchungulia ndani, ambako msichana aitwaye Judith yuko na mpenzi wake kwenye kochi. Kijana huyo anajishikiza usoni barakoa ya chale kwa mzaha, wanabusiana, kisha wanapanda ghorofani. Kamera inarudi nyuma hatua chache, inainua shingo kulitazama dirisha la chumba cha kulala, na taa inazimwa. Baada ya hapo haisiti tena. Inauzunguka ubavu wa nyumba, inaingia kwa mlango wa nyuma hadi jikoni, mkono unatokea upande wa fremu na kuchukua kisu kikubwa kwenye droo, kisha inapita chumba cha kulia na kungoja gizani mpaka kijana yule anashuka ngazi akivaa shati na kwenda zake. Inapanda ngazi. Juu inaiokota barakoa ya chale iliyoachwa sakafuni, inaivaa, na tangu hapo picha nzima inatazamwa kupitia matundu mawili. Judith ameketi akizichana nywele zake. Anageuka, anamtambua aliyeingia na kumwita kwa jina, na kisu kinaanza kazi.

Jambo la kwanza la kuangaliwa hapo ni umbo la fremu. Carpenter na mpiga picha wake mkuu, Dean Cundey, walichagua lenzi za skrini pana, ambazo upana wa picha yake unazidi mara mbili ya kimo chake, ingawa hela zao zilikuwa chache na upana huo ni mgumu kuujaza. Kisha, katika shoti muhimu kuliko zote za ufunguzi, wakaifunika sehemu kubwa ya upana huo kwa weusi wa barakoa. Mtazamaji aliyezoeshwa kwa dakika tatu kuona pembeni, mahali ambapo hatari inaweza kutokea, ananyang'anywa pembeni kote na kubakiwa na kile tu ambacho muuaji anataka kukiona. Kuna faida nyingine ya kifundi: kitendo cha kuvaa barakoa kinaziba lenzi kwa nukta moja, na hapo ndipo mkato ulipofichwa, kwa hiyo kile kinachoonekana kama shoti moja ndefu kwa kweli ni vipande vilivyounganishwa kwa werevu.

Jambo la pili ni kimo, na hapa ndipo ufunguzi huu unapoonyesha ujanja wake wote. Baada ya mauaji kamera inashuka ngazi mbio na kutoka mlango wa mbele, gari linasimama, mwanamume anakaribia na kuivua ile barakoa huku akitaja jina, Michael, na kwa mara ya kwanza mhariri anakata kwenda upande wa pili. Mbele ya mtazamaji anasimama mtoto wa miaka sita aliyevaa mavazi ya chale, kisu kikiwa mkononi na uso wake ukiwa mtupu. Mtu akirudi nyuma na kuutazama tena ufunguzi huo akiwa na rula, atagundua kwamba kamera ilikuwa ikitembea kwa kimo cha mtu mzima, na kwamba mkono uliochukua kisu si mkono wa mtoto. Ulikuwa wa Debra Hill, mtayarishaji wa filamu hiyo na mwandishi mwenza wa hadithi yake. Kwa kipimo cha uhalisia hilo ni kosa. Kwa kipimo cha hofu ni uongo uliokokotolewa, maana kimo cha kamera ni ushahidi ambao mtazamaji huupokea bila kuuhoji, na ushahidi huo ulikuwa umemshuhudia mtu mzima. Mshtuko wa kumwona mtoto hautokani na uso wake tu. Unatokana na ugunduzi kwamba mwili ambao mtazamaji aliuazima kwa dakika nne haukuwa ule aliodhani.

Watazamaji wa Afrika Mashariki, waliolelewa katika desturi ya kumtafuta steringi na adui mara tu filamu inapoanza, wataelewa upesi kwa nini mpangilio huu ulikuwa wa kuudhi. Steringi ndiye ambaye kamera humtumikia, na mtu hukaa akiwa na hakika kwamba hafi. Carpenter alimpa adui utumishi huo, tena kwa ukaribu ambao steringi wa filamu za mapigano hajawahi kuupata, kisha hakumpa mtazamaji hata sababu moja ya uhalifu uliotendeka, wala ugomvi, wala wivu, wala kisasi.

Shoti ya mwisho ya ufunguzi huo hutajwa mara chache kuliko inavyostahili. Baada ya uso wa mtoto kuonekana, kamera inapanda kwa kreni na kurudi nyuma, juu na mbali, huku wazazi wamesimama pande mbili za mtoto wao bila kusogea. Mtazamaji ameachiliwa kutoka ndani ya kichwa cha Michael, lakini ameachiliwa kwenda mahali ambapo hawezi kumsaidia mtu. Pembe ya juu, ambayo katika filamu nyingine humpa mtazamaji hisia ya kutawala, hapa inampa hisia ya shahidi aliyechelewa. Na madhara ya ufunguzi huu yanaendelea baada ya wenyewe kwisha, kwani hadithi inaporukia mwaka 1978 na kumfuata Laurie Strode, aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis, akitembea barabarani mchana kweupe, kila kamera inayotambaa nyuma yake inakuwa mshukiwa. Wakati mwingine bega linaingia kwenye fremu na pumzi zinasikika. Wakati mwingine hakuna bega wala pumzi, na mtazamaji anabaki hajui kama anamtazama Laurie kwa macho yake mwenyewe au kwa macho aliyowahi kuyaazima.

Yote hayo yasingewezekana miaka kumi kabla. Kamera iliyobebwa begani hutikisika kwa kila hatua, na kitoroli cha reli hakipandi ngazi wala hakipiti milango membamba ya nyumba ya watu. Ufumbuzi uliletwa na Garrett Brown, mpiga picha wa Marekani aliyebuni kifaa kiitwacho Steadicam, ambacho kilitumika katika filamu kubwa kwa mara ya kwanza katika Bound for Glory ya mwaka 1976. Mwendesha kamera huvaa kizibao kigumu. Kwenye kizibao kumefungwa mkono wenye springi unaomeza mtikisiko wa hatua. Na mwisho wa mkono huo kuna nguzo yenye kamera upande wa juu na betri pamoja na kioo cha kutazamia upande wa chini, ili uzito wa pande zote ulingane na kamera ielee badala ya kudundadunda. Kampuni ya Panavision ilitengeneza kifaa chake cha namna hiyo, kilichoitwa Panaglide, na hicho ndicho kilichovaliwa na mwendesha kamera Ray Stella katika Halloween. Mwendo wa vifaa hivi una tabia ya pekee ambayo wabunifu wake huenda hawakuitarajia: hautikisiki kama mwendo wa binadamu, wala hautelezi moja kwa moja kama wa reli, bali huyumba kidogo sana kama pumzi, na mtazamaji huhisi kwamba kinachokaribia kina uhai lakini hakina uzito. Kwa filamu ya mapenzi hiyo ni kasoro ndogo. Kwa filamu ya kutisha ni zawadi.

Haki inadai isemwe kwamba Carpenter hakuwa wa kwanza kumtazamisha mtazamaji kwa macho ya muuaji. Michael Powell alifungua Peeping Tom ya mwaka 1960 kwa macho ya muuaji anayetazama kupitia tundu la kamera yake mwenyewe, na Bob Clark, katika filamu ya Kanada ya Black Christmas ya mwaka 1974, alimpandisha mtazamaji ukutani mwa nyumba ya wasichana wa chuo hadi darini. Waliofuata baada ya Carpenter walikuwa wengi zaidi na hafifu zaidi. Friday the 13th ya mwaka 1980 nayo inafunguka kwa jicho la muuaji katika kambi ya vijana, lakini humo mbinu hiyo inabaki na kazi moja tu, ya kuficha sura ya mtu hadi mwisho, na kimo, fremu na mwendo havisemi lolote. Ilipofika mwaka 1981 Brian De Palma aliweza kuifungua Blow Out kwa igizo la dhihaka la mbinu hiyo hiyo, na aliyekabidhiwa kamera kwa ajili ya dhihaka hiyo alikuwa Garrett Brown mwenyewe.

Kuhusu pembe, kanuni iliyotajwa mwanzoni, kwamba anayetazamwa kutoka juu huonekana dhaifu na anayetazamwa kutoka chini hukuzwa, haipaswi kuchukuliwa kama sheria, na ufunguzi wa Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, ndio unaoipindua kwa uwazi zaidi. Orodha ya majina inapita huku kamera ikisonga chini ya maji, kati ya mimea ya bahari, bila mwenyewe kuonekana. Kisha msichana aitwaye Chrissie anaiacha karamu ya ufukweni na kwenda kuogelea peke yake, na kamera inamtazama kutoka chini, miguu yake ikipiga maji mbele ya mwanga hafifu wa anga. Kwa kanuni ya shule, pembe hiyo ya chini ingemkuza. Badala yake inamfanya kitoweo, kwa sababu baharini aliye chini ndiye anayeona na aliye juu ndiye asiyeona, na nguvu katika picha haitokani na kimo peke yake bali na ni nani kati ya wawili anayemwona mwenzake. Kamera inapopanda juu inakaa usawa wa maji, chini kabisa, kiasi kwamba mawimbi yanakaribia kuigusa lenzi, na mtazamaji anakuwa na kimo cha mtu anayezama. Mwigizaji Susan Backlinie alikuwa akivutwa huku na huko kwa kamba na wafanyakazi wa filamu. Papa hakuonekana hata kidogo, na hakuhitajika.

Jibu la tatu, la jicho lisilo la mtu yeyote, ndilo gumu kulieleza na pengine ndilo linalodumu zaidi akilini. Mfano wake mkuu ni The Shining ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1980, miaka miwili tu baada ya Halloween. Inafunguka juu ya Ziwa Saint Mary katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, ambapo kamera iliyofungwa kwenye helikopta inaruka chini sana juu ya maji yaliyotulia, ikikielekea kisiwa kidogo chenye miti, kisha inainama upande na kukipita. Mkato unaofuata unaipeleka juu kabisa, ikitazama karibu wima, na huko chini gari dogo la njano aina ya Volkswagen linapita kati ya misonobari. Kubrick mwenyewe hakukanyaga Montana. Filamu yake ilitengenezwa Uingereza, katika studio za Elstree, na picha za angani zilikabidhiwa kwa Greg MacGillivray na wenzake. Muziki ni wa Wendy Carlos na Rachel Elkind, uliojengwa juu ya wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu.

Kwa juu juu hakuna tofauti kati ya picha hizi na za filamu ya utalii: milima, ziwa, barabara, anga safi. Tofauti iko katika uhusiano wa kamera na gari. Kamera ya kawaida ya angani ingelifuata gari kwa umbali usiobadilika, ili mtazamaji ajue kwamba ndilo linalohusika. Hii inalikaribia kwa kasi inayolizidi, inashuka nyuma yake kana kwamba italigusa, kisha, katika shoti inayoshangaza zaidi, inalipita na kuendelea mbele peke yake kuelekea kwenye utupu ulio nje ya ukingo wa barabara, ikiliacha gari nje ya fremu. Kinachofuata ni shoti nyingine ambapo imelipata tena. Jicho hili halina haraka wala hofu ya kulipoteza gari, kwa sababu linajua linakokwenda. Ndani ya gari yumo Jack Torrance, aliyeigizwa na Jack Nicholson, akienda kuomba kazi ya kulinda hoteli wakati wa baridi kali. Yeye anadhani ameamua kwenda, ilhali mwendo wa kamera unadokeza kwamba amekwisha kungojwa. Orodha ya majina inapanda skrini kutoka chini, kinyume cha uzito, jambo dogo linalozidisha hisia kwamba ardhi hapa haina mamlaka yake ya kawaida.

Wachunguzi wenye macho makali wamegundua kwamba katika sehemu moja kivuli cha helikopta kinaonekana kwa muda mfupi pembeni mwa picha, na wapo walioijengea nukta hiyo nadharia ndefu. Yamkini ni bahati mbaya tu. Picha zilizobaki bila kutumika zilipelekwa kwenye filamu nyingine kabisa, Blade Runner ya mwaka 1982, ambayo toleo lake la kwanza la kumbi za sinema linafungwa kwa mandhari hayo hayo ya milima kama dalili ya uhuru na faraja, na hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba pembe ya juu haina maana yake yenyewe mpaka iwekwe karibu na kitu kingine.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa leo, wakati droni imeifanya shoti ya angani kuwa rahisi kiasi kwamba tamthilia, video za muziki na hata video za harusi za Dar es Salaam na Nairobi hufunguka kwa mji uliotazamwa kutoka juu. Wengi wanaotaka kutisha huirusha droni juu ya msitu na kuongeza muziki mzito, kisha wakashangaa kwamba hakuna aliyetetemeka. Kasoro haiko katika kifaa. Iko katika kuruka bila kuamua jicho hilo linataka nini na linajua nini kuhusu watu walio chini yake.

Alfred Hitchcock aliamua, hata pale vifaa vilipomkwamisha. Psycho, ya mwaka 1960, inaanza kwa kuupitia mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, huku maandishi yakitaja mji, siku, tarehe na hata dakika, saa 8:43 mchana wa Ijumaa, kisha kamera inachagua dirisha moja kati ya mamia, inapenya chini ya pazia lake na kumkuta Marion Crane na mpenzi wake chumbani. Alitaka iwe safari moja isiyokatika kwa helikopta, lakini picha zilitikisika mno, akalazimika kuunganisha shoti kadhaa kwa kuyeyushia moja ndani ya nyingine. Usahihi wa tarehe na uholela wa uchaguzi wa dirisha vinapingana, na katika mpingano huo mtazamaji anageuzwa mdukuzi wa siri za watu kabla hajajua anamchungulia nani. Sam Raimi naye, akiwa kijana asiye na fedha ya Steadicam, alifungua The Evil Dead ya mwaka 1981 kwa jicho la pepo linaloteleza juu ya kinamasi, na kwa mbio za msituni katika filamu hiyo hiyo alifunga kamera katikati ya ubao, watu wawili wakashika ncha zake na kukimbia.

Katika miaka ya karibuni ufunguzi wenye werevu zaidi wa kamera ni wa Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Kijana Mweusi, aliyeigizwa na LaKeith Stanfield, anatembea usiku katika kitongoji tulivu cha matajiri, kitongoji ambacho kwa sura ni ndugu wa Haddonfield, akiwa amepotea na akizungumza kwa simu. Picha inaendelea kwa shoti moja ndefu. Kamera inatembea mbele yake kinyumenyume, kimo chake kikiwa sawa na uso wake, na gari jeupe linapompita, kugeuka na kuanza kumfuata polepole, kamera inazunguka pamoja naye, haimwachi ili kwenda upande wa gari. Carpenter alimfunga mtazamaji ndani ya mwindaji. Peele anamfunga kwa mwindwa, katika barabara ambayo filamu nyingi za Marekani zimeionyesha kama makao ya usalama yanayovamiwa na mgeni, na kwa kubadilisha tu nafasi ya kamera mgeni amekuwa ndiye anayestahili kuogopa. Kwa kuwa hakuna mkato, hakuna mwanya wa mtazamaji kupumua wala wa kijana kutoroka, na kwa kuwa kamera inamkabili uso, kile kilicho nyuma yake hukisiwa kwa muda mrefu kabla hakijaonekana.

Kijana huyo anapokwisha kukabwa na kutiwa katika buti la gari, orodha ya majina inapita juu ya picha za msitu unaokimbia kando, zilizopigwa kutoka kwenye gari linalokwenda, na hapo jicho linarudi kuwa lisilo na mwenyewe, maana dirisha la gari halionekani wala abiria. Juu ya picha hizo mtunzi Michael Abels aliweka wimbo wa kwaya unaoitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", ulioimbwa kwa Kiswahili, ambamo sauti za waliotangulia zinamwonya shujaa ajiponye. Kamera imewaficha watazamaji wote ni nani anayeutazama msitu huo na anakwenda wapi, lakini anayeijua lugha, awe Mombasa au Muscat au Minneapolis, anaingia katika hadithi akiwa na onyo ambalo Chris, steringi wa filamu hiyo, hajalipata, na ambalo watazamaji wengi wa Marekani walilipokea kama sauti tu za kutia mashaka.